Kununua kadi kubwa ya michoro kwa ajili ya gemu za kompyuta: mambo ya kupima kabla ya kutoa pesa



 

Miongoni mwa maswali yanayotufikia kutoka kwa wazazi wa Unguja na Pemba, na kutoka kwa vijana wenyewe, ni hili la kadi ya michoro. Kijana ana kompyuta ya mezani, gemu mpya zinakwama-kwama, na ameona kwenye video kuwa dawa yake ni kadi kubwa. Bei ya kadi hiyo inafika milioni kadhaa. Baba anauliza: hiki ni kifaa gani, na kinastahiki pesa zote hizi? Kijana naye anauliza: nikiinunua, itafanya kazi kwenye kompyuta yangu?

Makala hii inajibu pande zote mbili. Neno tunalotaka lishikwe tangu mwanzo ni hili: kadi ndiyo kitu cha mwisho kununuliwa, si cha kwanza. Kwanza ipimwe skrini, prosesa, pawa saplai na umeme wa nyumba. Vipimo hivyo ndivyo vitakavyosema kadi ipi inafaa, na kwa nyumba nyingi jibu huwa ni kadi ya kati, si ya juu.

Ama hukumu ya gemu zenyewe, yaliyomo ndani yake na muda unaopotea, hiyo ni mada ya peke yake. Hapa tunazungumzia kifaa, pesa na makubaliano ya biashara.

KADI YA MICHORO NI NINI?

Picha tunayoiona kwenye skrini imejengwa kwa nukta ndogo sana zinazoitwa pikseli. Skrini ya kawaida ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, yaani zaidi ya nukta milioni 2. Katika gemu, nukta zote hizo huchorwa upya mara 60 au zaidi ndani ya sekunde moja. Prosesa ya kompyuta ni kama fundi mmoja hodari afanyaye kazi ngumu moja baada ya nyengine. Kadi ya michoro ni kama umati wa vibarua, kila mmoja na kazi yake ndogo, wote kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kazi ya kuchora nukta imeachiwa kadi.

Jina la GPU, ambalo vijana hulitumia, lilienea mwaka 1999 kampuni ya NVIDIA ilipotoa kadi yake ya GeForce 256. Leo kampuni mbili kubwa zinazotengeneza vichakataji vya kadi hizi ni NVIDIA na AMD, na Intel ameingia baadaye. Kadi dukani huonekana na majina mengine kama ASUS, MSI, Gigabyte au Sapphire. Hizi ni kampuni zinazochukua kichakataji na kukifungia feni na kasha lake.

Mzazi ajue pia kwamba kadi hii si ya gemu tu. Hiyo hiyo huharakisha kazi ya kuhariri video, kuchora ramani za nyumba na kuendesha programu za akili bandia. Kijana anayehariri video za harusi kwa malipo ana hesabu tofauti na kijana ambaye kadi yake haitafanya ila kucheza.

MADARAJA YA KADI NA BEI ZAKE

Bei tunazozitaja hapa ni zile zilizotangazwa Marekani siku kadi ilipotoka. Kwa mfano tu, tumekadiria dola moja kwa shilingi 2,500. Bei ya dukani kwetu huongezeka kwa usafiri, ushuru na faida ya muuzaji, na hupanda na kushuka kwa soko.

- RTX 4060 ya NVIDIA, iliyotoka Juni 2023: dola 299, karibu shilingi 750,000. Ina kumbukumbu ya GB 8 na hutumia umeme wa wati 115.
- RX 9070 XT ya AMD, iliyotoka Machi 2025: dola 599, karibu shilingi milioni 1.5. Ina GB 16 na hutumia wati 304.
- RTX 4090 ya NVIDIA, iliyotoka Oktoba 2022: dola 1,599, karibu shilingi milioni 4. Ina GB 24 na hutumia wati 450.
- RTX 5090 ya NVIDIA, iliyotoka Januari 2025: dola 1,999, karibu shilingi milioni 5. Ina GB 32 na hutumia wati 575.

Tazama jinsi wati zinavyopanda pamoja na bei. Kadi ya juu kabisa inakula umeme mara tano ya ile ya chini. Kila anayeuza huwa anataja kasi, na ni wachache wanaotaja umeme.

VIPIMO VITANO KABLA YA KUNUNUA

1. Skrini

Anza na skrini, kwani kadi haiwezi kuonyesha kile ambacho skrini haikuumbiwa kukionyesha. Skrini ya hezi 60 huonyesha picha 60 kwa sekunde. Kadi ikichora picha 180 kwa sekunde, macho yako bado yataletewa 60.

Ukubwa wa picha nao una hesabu yake. Skrini ya 1080p ina nukta milioni 2.1, ya 1440p ina milioni 3.7, na ya 4K ina milioni 8.3, yaani mara nne ya ile ya kwanza. Kadi kama RTX 4090 imekusudiwa skrini za 4K. Mwenye kuifunga kwenye skrini ya 1080p ya hezi 60 amenunua lori la tani kumi ili abebe kapu la ndizi.

Kwa skrini ya 1080p, kadi ya daraja la RTX 4060 humtosheleza mchezaji katika gemu nyingi. Kwa 1440p, tafuta kadi ya kati yenye kumbukumbu ya GB 12 hadi 16, kwani GB 8 huanza kubana katika gemu mpya zenye picha nzito.

2. Prosesa

Kabla ya kuchorwa, kila picha huandaliwa na prosesa. Prosesa ikiwa ya zamani, kadi hukaa ikiisubiri, na pesa iliyoongezwa kwenye kadi haionekani popote.

Kuna jaribio lisilogharimu hata shilingi. Fungua gemu inayokwama, zima mpangilio unaoweka kikomo cha picha kwa sekunde, kisha andika idadi ya picha inayoonyeshwa. Sasa shusha ubora wa picha hadi chini kabisa, na ukubwa wa picha pia. Ikiwa idadi imepanda sana, kadi yako ndiyo iliyokuwa ikizidiwa, na kadi mpya itasaidia. Ikiwa idadi imebaki pale pale, tatizo ni prosesa au RAM, na kadi ya milioni 4 haitaliondoa.

Ndani ya Windows pia mna programu ya Task Manager. Iache wazi wakati gemu inacheza. Kadi ikionyesha asilimia 95 hadi 100, inafanya kazi kwa nguvu zake zote. Ikionyesha asilimia 50 na gemu inakwama, basi mwenye kosa ni mwengine.

3. Pawa saplai

Hiki ndicho kifaa kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta, na ndicho kinachosahauliwa zaidi. NVIDIA inapendekeza pawa saplai ya wati 550 kwa RTX 4060, wati 850 kwa RTX 4090, na wati 1,000 kwa RTX 5090.

Kompyuta nyingi zilizomo majumbani kwetu zilikuwa za ofisini Ulaya au Ghuba, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk, zikaletwa zikiwa zimetumika. Ni mashine nzuri kwa masomo na kazi za ofisi. Lakini pawa saplai zake mara nyingi huwa kati ya wati 180 na 300, hazina waya za ziada za kulisha kadi, na umbo lake si la kawaida, kwa hiyo si rahisi kuzibadilisha. Mashine kama hizo hazipokei kadi kubwa kabisa. Zinazozifaa ni kadi zinazotosheka na umeme wa kwenye madabodi pekee, ambao ni wati 75. GTX 1650 na RTX 3050 ya GB 6 zina matoleo ya namna hiyo. Ikiwa kasha ni lile jembamba, itafutwe kadi fupi yenye bati fupi la nyuma.

Na usinunue pawa saplai kwa kuangalia namba iliyobandikwa juu tu. Zipo za bei ya chini zilizoandikwa wati nyingi zisizoweza kuzitoa. Tafuta ya kampuni inayojulikana, yenye alama ya 80 Plus. Pawa saplai mbovu ikiharibika inaweza kwenda na kadi, madabodi na kila kilichounganishwa nayo.

4. Kasha na nafasi

RTX 4090 iliyotengenezwa na NVIDIA yenyewe ina urefu wa milimita 304 na unene wa nafasi tatu, na nyingi za kampuni nyengine ni ndefu zaidi. Chukua rula, fungua kasha, na pima kutoka bati la nyuma hadi kizuizi cha mbele. Uzito nao ni mkubwa, na kadi isipowekewa kishikio inaweza kuinama.

Kadi za juu za NVIDIA za miaka hii hutumia tundu moja dogo la umeme lenye pini 16. Mwaka 2022 zilitokea taarifa za matundu hayo kuyeyuka kwa joto kwenye baadhi ya RTX 4090. NVIDIA ilieleza kwamba jambo lililoonekana mara nyingi ni waya kutosukumwa hadi mwisho. Hivyo, waya usukumwe mpaka ujae kabisa, wala usikunjwe karibu na kichwa chake.

5. Umeme na hewa ya kisiwani

Sisi wa Unguja hatujasahau kiza cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika. Waya mpya ulikuja, na Pemba nayo ikaunganishwa kutoka Tanga, lakini kukatika na kurudi kwa ghafla bado tunakujua. Ule mshtuko wa umeme unaporudi ndio unaoua vifaa. Mwenye kadi ya milioni asiiache bila stabilaiza au UPS.

Hapa pana hesabu ya kuzingatia. UPS ndogo iliyoandikwa 650VA kwa kawaida hubeba chini ya wati 400. Kompyuta yenye RTX 4090, wakati wa gemu nzito, inaweza kuvuta wati 700. UPS hiyo itazidiwa na kujizima umeme ukikatika, na kompyuta itazimika nayo. Kwa hivyo kadi kubwa inataka na UPS kubwa.

Hesabu ya Tukuza nayo ipigwe. Wati 700 kwa saa 4 kila siku ni yuniti 2.8, na kwa siku 30 ni yuniti 84. Kompyuta yenye kadi ndogo inayovuta wati 250 kwa muda huo huo hutumia yuniti 30. Tofauti ya yuniti 54 kila mwezi ataibeba yule anayenunua umeme wa nyumba, naye mara nyingi si yule anayecheza.

Umeme wote huo hugeuka kuwa joto. Wati 700 katika chumba kidogo msimu wa kaskazi ni kama kuwasha pasi na kuiacha. Hewa yetu ina unyevu na chumvi ya bahari, na vumbi lililoshika unyevu huziba feni. Kompyuta iwe mbali na dirisha linalopokea upepo wa bahari moja kwa moja, isafishwe kila baada ya miezi michache, na vile vitambaa vya kudarizi tunavyopenda kufunikia vifaa viwekwe mashine ikiwa imezimwa tu.

JARIBU KWANZA TIBA ZA BEI NDOGO

Kabla ya kadi, fanya haya kwa mpangilio. Safisha vumbi na badilisha dawa ya kupozea iliyokauka juu ya prosesa. Hakikisha waya wa skrini umechomekwa kwenye tundu la kadi, si la madabodi. Kosa hili ni la kawaida, na anayelifanya hucheza bila kuitumia kadi aliyonayo. Weka draiva mpya. Ikiwa RAM ni GB 8 kwenye kijiti kimoja, ongeza kijiti cha pili kinacholingana nacho ifike GB 16. Ikiwa gemu zimo kwenye diski ya zamani inayozunguka, hamishia kwenye SSD.

Kisha jaribu teknolojia ya kukuza picha. DLSS hufanya kazi kwenye kadi za NVIDIA za RTX, na FSR ya AMD matoleo yake mengi hufanya kazi hata kwenye kadi za zamani. Gemu huchorwa kwa ukubwa mdogo kisha hukuzwa, na picha kwa sekunde huongezeka bila kununua kitu. Gemu nyingi mpya zina mpangilio huu ndani yake.

Wako waliofanya haya na wakaona hawana haja ya kadi mpya mwaka huo.

KADI ILIYOTUMIKA

Wengi wetu tutanunua kadi ya mkono wa pili, na hapana ubaya. Lakini historia yake ijulikane. Kati ya 2020 na 2022 kadi ziliadimika duniani na kuuzwa kwa bei ya juu kuliko iliyotangazwa, kwa sababu ya uhaba wa vichakataji na kwa sababu watu walizitumia kuchimba sarafu za kidijitali. Tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kabisa utaratibu wa kuchimbwa kwa kadi, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni. Nyengine ni nzima. Nyengine feni zake zimechoka na vibandiko vyake vya kupitisha joto vimekauka.

Unapokwenda kuiangalia, fanya haya:

- Ione ikifanya kazi kwenye kompyuta ya muuzaji. Kadi iliyomo ndani ya boksi haijathibitisha kitu.
- Ifungue kwa programu ya bure ya GPU-Z. Zipo kadi bandia zinazojitangaza kuwa GTX 1050 Ti na ndani ni kichakataji cha zamani, na GPU-Z huandika wazi kuwa ni bandia inapozitambua kadi za NVIDIA za namna hiyo.
- Iendeshe kwa programu ya FurMark dakika 15. Angalia joto. Likipita nyuzi 85 na bado linapanda, au pakatokea mistari na madoa kwenye skrini, iache.
- Sikiliza feni kama zinakwaruza. Tazama kutu kwenye matundu na skrubu. Kutu ni ishara kuwa imekaa kwenye hewa ya chumvi.
- Chomeka skrini kwenye kila tundu, moja moja.
- Linganisha namba ya kadi na ya boksi, na uliza kama waranti bado ipo na kama inakubalika hapa kwetu.

MAKUBALIANO YA BIASHARA

Hapa ndipo maswali mengi ya fiqhi yanapokuja, nasi tunayataja kwa muhtasari.

Kuhusu aibu ya bidhaa: muuzaji anayejua kuwa kadi ina kasoro analazimika kuibainisha. Katika mapokezi ya Muslim, Mtume (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam) alimkemea muuza chakula aliyeweka kikavu juu na kilichorowa chini. Kusafisha kadi iliyochoka, ikabandikwa lakiri mpya na kuitwa haijatumika, ni jambo lile lile. Kuandika kwenye risiti kwamba mali ikiuzwa hairudi hakumhalalishii muuzaji kuficha kasoro anayoijua. Mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwapo kabla ya mauzo, naye hakuambiwa, ana khiyari ya kurudisha. Katika madhehebu ya Shafi’i, ambayo ndiyo ya wengi wetu visiwani, anatakiwa arudishe mara tu anapogundua, asiendelee kuitumia. Basi jaribu kadi yako siku ile ile unayoichukua.

Kuhusu kulipa kidogo kidogo: wanazuoni walio wengi wanajuzisha bei ya mkopo kuwa juu kuliko bei ya taslimu, kwa sharti kwamba wanapofunga mauzo wakubaliane bei moja na muda unaojulikana. Kinachokatazwa ni deni kuongezeka kwa sababu ya kuchelewa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1990, liliamua hivyo hivyo: kuongeza bei ya mkopo wakati wa kufunga mauzo kunafaa, na faini ya kuchelewesha malipo ni riba. Soma karatasi kabla ya kutia saini. Sharti la faini huwa limeandikwa kwa herufi ndogo.

Kuhusu kuagiza Dubai: mara nyingi mfanyabiashara anakuuzia kadi ambayo bado hajainunua. Mtume (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichonacho. Njia zilizo salama zipo. Ya kwanza ni wakala: unampa pesa akununulie, naye anapata ujira mnaokubaliana, na kadi ni mali yako tangu inaponunuliwa. Ya pili ni salam: unalipa bei yote hapo hapo, na kadi inabainishwa jina, toleo, kumbukumbu na siku ya kukabidhiwa. Katika njia zote mbili, andikeni. Maneno “RTX ya GB 8” pekee hayatoshi, kwani ziko kadi nyingi tofauti zenye sifa hiyo.

Kuhusu israfu: kadi kubwa si haramu kwa sababu tu ni ghali. Suratul Furqan, aya ya 67, inawasifu wale ambao katika kutoa hawafanyi fujo wala ubakhili, bali hukaa baina ya hayo. Kipimo chake ni hali ya mtu. Kwa aliyetimiza nafaka ya nyumba, hana deni lililofika muda wake, na pesa ni zake, hili ni jambo la mubaha. Kwa ambaye ada ya skuli ya wadogo zake haijalipwa, kadi ya milioni 4 isubiri.

KUIFUNGA KADI

Ondoa draiva za kadi ya zamani. Zima kompyuta, chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kuondoa umeme wa mwilini. Fungua kishikio cha nafasi ya kadi na toa ya zamani. Ingiza mpya mpaka isikike imekaa, ifunge skrubu, kisha chomeka waya zake za umeme. Kadi ikiwa na matundu mawili ya umeme, tumia waya mbili tofauti kutoka pawa saplai badala ya mmoja wenye vichwa viwili. Washa, weka draiva kutoka tovuti ya kampuni yenyewe, na uangalie joto kwa saa ya kwanza. Asiyewahi kufungua kompyuta amwite fundi na akae naye ajifunze.

NASAHA KWA BABA, MAMA NA KIJANA

Kijana, usimwendee mzee wako na bei ya kadi peke yake. Mwendee na hesabu nzima: kadi, pawa saplai, UPS, skrini ikihitajika, na yuniti za umeme za kila mwezi. Mwonyeshe jaribio la prosesa ulilolifanya. Mzee akija kugundua baada ya kadi kufika kuwa bado vinatakiwa vitu vinne vyengine, hatakuamini utakapomwomba tena, hata kama ombi hilo litakuwa la masomo.

Wazazi wetu, msikatae kwa neno moja bila kusikiliza. Kijana anayejua kupima wati, kuchagua pawa saplai na kufunga kadi bila kuiunguza anajifunza ufundi wenye soko. Kaeni naye, mpange kikomo cha pesa, na mkubaliane nani atalipa umeme. Ikiwa ataweka akiba yake mwenyewe kwa miezi kadhaa, mara nyingi hamu ya kadi ya milioni 5 itageuka kuwa kadi ya laki 8 inayomtosha, na kilichobaki kitakuwa chake.

Tunamuomba Allah atubarikie katika mali zetu na watoto wetu, na atuwafikishe kwenye biashara iliyo safi.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.